Shuka Nyeupe Nyuma ya Jiko

Mama alinipiga kofi mara moja tu katika maisha yake yote, na kosa langu lilikuwa kuanua nguo kabla mvua haijanyesha. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Wingu lilikuwa limeshatanda juu ya kilima na upepo ulikuwa unavuruga vumbi uani. Nikakimbia nyuma ya jiko, nikaitoa shuka nyeupe kwenye kamba, nikaikumbatia na kuingia nayo ndani nikitegemea kusifiwa. Nikazabwa kofi la shavu la kushoto. Kisha mama akanipokonya ile shuka, akatoka nayo mbio, akaianika palepale ilipokuwa, na mvua ikainyeshea huku sote tunaitazama.

Nimekua, nimeolewa, nimeachika na kurudi nyumbani, na kofi lile sikulielewa. Nikiwasimulia watu, huniambia mama yangu alikuwa na hasira zake. Hakuwa nazo. Hasira za nyumba ile zote nilipewa mimi. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mzito wa maneno, anayeweza kupika, kufagia na kukamua ng'ombe bila wewe kujua amepita wapi. Mtu wa namna hiyo anapokupiga, unabaki umeshika shavu miaka arobaini.

Baba yetu alikuwa mkulima wa jembe la mkono, na kijiji kizima kilimwita Mzee Mstari. Jina lilimpata kwa sababu ya matuta yake. Shamba letu lilikuwa ubavuni mwa kilima, kutoka ua wa minyaa upande mmoja mpaka nyuma ya jiko letu upande wa pili, kiasi cha hatua mia mbili. Matuta yalikatiza mteremko ili maji ya mvua yasimame hapo hapo yanywewe na mahindi. Tuta likipinda, maji hukusanyika kwenye mpindo, yakapata njia, yakavunja tuta la chini yake na la chini yake tena, na mbegu zako ukaenda kuzitafuta bondeni kwa watu. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndio uliokuwa kazi yenyewe. Mingine yote ilipimwa kutoka kwake.

Wenzake waliuchora kwa kamba na vigingi. Baba aliwacheka waziwazi. "Kamba ni ya kufungia ndama," alikuwa anasema. Yeye alisimama kwenye minyaa alfajiri, akatemea viganja, akaligeuza jembe, kisha akaanza kutembea akiliburuta nyuma yake, ncha ikichora udongo. Hakutazama chini wala hakugeuka nyuma. Alitembea shingo ngumu mpaka jikoni, na akishafika ndipo anageuka kuutazama mstari wake, umenyooka mpaka unaudhi. Watu walikuja kuuona. Wengine walidai ana dawa, na baba, ambaye hakuwahi kukataa sifa hata siku moja, aliwaacha waamini hivyo.

Pori lile alilifyeka yeye na mama walipokuwa vijana, kabla ya kuwa na mtoto wala mbuzi. Walizaa wanne, wakabaki wawili, kaka yangu mkubwa na mimi. Ulikuja mwaka wa nzige, wakala kila kitu mpaka majani ya paa. Ukaja mwaka ambao mvua ilikataa, baba akaenda kubeba mizigo stesheni miezi saba na kurudi amekonda, kitu cha kwanza akauliza kama mbegu zipo. Zilikuwapo. Mama alikuwa ametufunga midomo, tukalala njaa chini ya mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi wa jiko, na hakuna aliyegusa. Baba alimwita "mwenzangu". Mama hakumwita chochote, alikohoa tu kidogo, na baba aligeuka.

Siku ya mstari mama alikuwa na mambo yake. Aliamka kabla yetu sote akaifua shuka nyeupe, hata kama ilikuwa safi. Nguo nyingine zote tulizianika mbele ya nyumba penye jua. Shuka ile peke yake, tena siku ile tu, ilianikwa nyuma ya jiko, kwenye kamba fupi iliyotoka kona ya paa hadi kwenye nguzo moja iliyochimbiwa pale mwisho wa shamba. Hata hakuitandaza. Aliikunja mara mbili ikawa nyembamba, akaining'iniza kandokando ya nguzo, ikakaa na unyevu mpaka jioni. Wifi yangu, mke wa kaka, alipoliona hilo mwaka wake wa kwanza alinivuta pembeni, akaniambia, "Mama mkwe nguo hajui kuanika, ila usimwambie nimesema." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mama alifariki kiangazi kimoja, kwa homa ya siku nne. Baba ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Hakulia mbele za watu. Baada ya arobaini nilijikaza nikaipanga upya nyumba, maana nilikuwa nimesharudi kwetu na mikono yangu ilihitaji kazi la sivyo ningepasuka. Shuka nikaitia sandukuni. Ile nguzo ya nyuma ya jiko niliiona haina kazi, inagonga watu mabega tu. Nikaing'oa, nikaitumia kushikilia banda la kuku lililokuwa limelala upande. Nilijisifu kwa kazi hiyo. Naiandika hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumlaumu.

Mvua zilipokaribia, baba alisimama kwenye minyaa, akatemea viganja, akatembea. Nilikuwa jikoni. Nilipotoka nilikuta amesimama mbali kabisa na mahali pa kawaida, karibu na zizi, anatazama nyuma. Mstari ulikuwa umekwenda mrama, ukapanda, ukashuka, ukazunguka kama njia ya ng'ombe aendaye kisimani. Akaufuta kwa miguu, akarudi kwenye minyaa, akaanza tena, safari hii akaja kutokea kwenye choo. Mara ya tatu alichoka, akalima hivyohivyo. Mvua ya pili ikayavunja matuta kuanzia juu hadi chini. Nusu ya mahindi yetu yaliota kwa jirani wa bondeni, na alikuwa na adabu ya kutotushukuru.

Hapo ndipo kila mtu alipochanganyikiwa, na baba kuliko wote, au ndivyo nilivyodhani. Alisema tatizo ni mpini. Akaenda kwa mhunzi akabadilishiwa mpini. Wiki ya pili akarudi, akasema huu nao umepinda. Mara ya tatu mhunzi akaniita mimi.

"Dada, mchukue mzee," aliniambia. "Jembe halina macho. Mimi nikimbadilishia mpini mwingine nitakuwa namwibia."

Nikampeleka zahanati kwa mganga wa macho. Akamwonyesha picha za wanyama ukutani, baba akazitaja zote, na kwa twiga akaongeza kwamba amechorwa vibaya. Mganga akasema macho ni ya mzee lakini si mabovu, kwa mbali ataona vitu vyeupe na vyeusi, vinavyofanana rangi vitampa shida kidogo. Neno hilo lilipita sikio hili likatokea lile. Nilichosikia ni kwamba si mabovu.

Kilichonivuruga zaidi ni uani kwetu. Kiangazi kizima baba alifanya mazoezi ya mstari kwenye vumbi, kutoka lango mpaka mlangoni, na kila siku mstari ulinyooka. Nilishindwa kuelewa. Mtu anawezaje kunyoosha uani na kupinda shambani, kwa jembe hilohilo na miguu hiyohiyo? Kijijini walikuwa na jibu lao. Walisema kifo cha mke kimemvuruga akili. Walisema kwa upole, na mimi nilitamani kuwarushia mawe.

Siku moja nilimkuta amesimama kwenye minyaa bila jembe, kiganja juu ya macho, anatazama upande wa nyumba.

"Baba, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Mbona umesimama juani?"

"We mtoto, mtu hawezi kusimama shambani kwake?" alisema, akaondoka akiniacha pale nimekasirika bure.

Habari zilimfikia kaka. Alikuwa karani wa ghala mjini, mtu wa kalamu mbili mfukoni, mwema lakini mwepesi wa kuamua. Alikuja, akalikagua shamba, akatikisa kichwa. Akasema mambo hayawezi kuendelea hivi. Baba amezeeka na amechanganyikiwa, siku moja atapotea njia aangukie kisimani. Akatoa hukumu mbele yetu sote. Atampa baba msimu mmoja tu. Mstari ukinyooka, atabaki. Ukipinda tena, shamba atapewa jirani alime, na baba atahamia mjini kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba aliyopanga kaka.

"Nitakaa huko nafanya nini?" baba aliuliza.

"Utapumzika, baba."

"Nimechoka nini?"

Kaka akampa zawadi. Ilikuwa kamba mpya, ndefu, pamoja na vigingi viwili vilivyochongwa vizuri. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka nje. Kesho yake asubuhi tulikuta kamba imefunga ndama.

Nilikijua kile chumba cha uani. Nilikaa humo wiki mbili nilipokuwa natafuta nauli ya kurudi nyumbani. Kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nilimwona baba humo ndani amekaa kitandani na jembe mapajani, na roho ikaniuma hadi nikakosa usingizi. Niseme kweli, nilijiogopea na mimi pia. Baba akihama, mimi nabaki na nani?

Msimu ukafika. Kaka alikuja siku moja kabla, mchana, amebeba kikapu cha nguo mpya za baba za kuvaa mjini, jambo lililonionyesha ameshaamua kichwani. Nilimtengea chakula kwa shingo upande. Baba alikuwa ameenda kunoa jembe kwenye jiwe la kisimani. Kaka akala, akalainika, akaanza kukumbuka mambo ya utotoni.

"Lakini yule mzee bwana, alikuwa mashine," alisema. "Miaka yote mstari wake haukuwahi kupinda. Labda ule mwaka wa kisiki tu."

Mwaka wa kisiki niliukumbuka. Mstari ulikuja umenyooka mpaka katikati, halafu ukapiga kona ya ajabu, ukajirudi. Baba alisema amekwepa kisiki. Kaka na mimi tulichimba pale siku tatu tukitafuta hicho kisiki, hatukupata hata mzizi.

"Si ndiyo siku uliyopigwa kofi?" kaka akacheka. "Mvua ilikuja asubuhi ile, baba yuko nusu ya shamba, mama anakuzaba. Nilikuwa mlangoni. Nilidhani dunia imekwisha."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Nililiweka chini polepole. Siku ileile. Nilimwacha kaka na maneno yake mdomoni, nikatoka, nikakatiza shamba lote mpaka kwenye minyaa. Nikasimama pale baba anaposimama, nikageuka kuitazama nyumba yetu.

Sikuona kitu. Namaanisha niliona ukuta wa udongo, paa la majani makavu, ardhi iliyolimwa, kilima kilichokauka nyuma yake, na vyote vilikuwa na rangi moja ya hudhurungi. Hapakuwa na mahali pa jicho kushika. Nikageuza macho kidogo, nikarudi, na tayari nilikuwa nimepoteza mahali nilipokuwa natazama, mimi mwenye macho mazima. Kisha nikaiweka ile shuka pale kwa mawazo tu, nyeupe, imekunjwa iwe nyembamba, kando ya nguzo.

Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kama mtoto. Nililia kwa ajili ya kofi, nililia kwa ajili ya mama, na kwa hasira pia, maana angeweza kuniambia. Neno moja tu lingetosha. Kwa nini hakuniambia? Na baba je, alijua? Au alitembea miaka yote hiyo akidhani ananyoosha kwa nguvu zake mwenyewe, naye mama akamwachia sifa?

Kaka sikumwambia. Ningemwambia angesema huo ni ujanja, angesema ndiyo sababu zaidi ya kumwondoa mzee asiyeona. Asubuhi, kabla hajaamka, nilikwenda nikachomoa nguzo bandani. Banda likalala chini lote na kuku wakatawanyika wakinilaani. Nilitafuta shimo la zamani kwa kukanyagakanyaga nyuma ya jiko mpaka kisigino kikazama. Nikaisimamisha nguzo, nikafunga kamba, nikaitoa shuka sandukuni, nikaikunja mara mbili. Baba alikuwa ameshafika kwenye minyaa. Kaka alitoka akipiga miayo, akasimama karibu na zizi amekunja mikono.

Baba alitemea viganja. Akainua kichwa, akaweka kiganja juu ya macho kama alivyozoea siku hizi. Alikaa hivyo muda mrefu, mrefu mno, mpaka kaka akaguna. Halafu akashusha mkono. Akaligeuza jembe, akaanza kutembea.

Nilisimama kando ya nguzo roho ikiwa juu. Alikuja shingo ngumu, bila haraka, vumbi jembamba likimfuata nyuma. Alipita mahali pa kile kisiki kisichokuwapo. Alikuja mpaka nikasikia pumzi zake, na jembe lake likagusa mguu wa nguzo. Hakugeuka nyuma kutazama. Aliishika shuka kwa vidole viwili, akaisugua, akainusa.

"Hii haijafuliwa," alisema.

Niliikamata nguzo isiyumbe.

"Mwaka jana hakuianika kabisa," akaendelea kwa sauti ya chini, ili kaka asisikie. "Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Nikajua kaninunia. Nikasema wacha nisingizie mpini, mambo ya ndani yasitoke nje. Sasa mwambie mwenzangu nimeiona. Imetosha. Aache kununa."

Nilimtazama usoni. Alikuwa ametulia, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye akili zake timamu aliyemaliza kazi. Mikono iliyotupa udongo wa kwanza kaburini ilikuwa inaishika shuka mbele yangu. Nilitaka kumwambia, baba, mama amekufa, ulikuwapo. Nilitaka pia kumuuliza kama ananitania, maana utani alikuwa nao.

Kaka alikuja mbio na kamba, ameifungua kwa ndama, bado ina kinyesi. Aliivuta kandokando ya mstari kutoka mwanzo hadi ilipofika, akafumba jicho moja, akafumbua, akahamisha vigingi, akavuta tena. Kamba na mstari vilikuwa kitu kimoja.

"Umenyooka," alisema, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyeibiwa na kufurahi kwa wakati mmoja. Akamkumbatia baba. Kisha akanigeukia mimi. "Alikuwa anakwambia nini pale?"

Baba alinitazama. Angeweza kujibu mwenyewe, na hakujibu. Nilijua kabisa maneno yale yangefanya nini. Kaka angeyasikia mara moja tu, na kikapu cha nguo mpya kingefungwa mchana huohuo.

"Anasema ana kiu," nilisema.

Nikaenda kumletea maji. Aliyanywa yote, akanirudishia kata, akaanza tuta la kwanza.

Kaka aliondoka kesho yake peke yake, na nguo mpya akatuachia. Baba alilima misimu minne zaidi, na hakuna tuta lililovunjika. Hakunitajia tena habari za kununa. Mama alimtaja mara nyingi, mara kama marehemu, mara kama mtu aliyeko jikoni, nami nilikuwa naitikia kama alivyotaka. Pengine ningemwambia kaka ukweli angempata daktari mzuri wa mjini. Pengine baba alijua kila kitu na alikuwa ananiomba kitu asichoweza kukitaja. Nimeligeuza hili kila upande, na bado sijui.

Ninachojua ni kwamba kila mwaka, siku ya mstari, niliamka kabla yake nikaifua ile shuka, hata kama ilikuwa safi. Niliikunja mara mbili, nikaianika kando ya nguzo, na mvua ilipotishia sikuianua.